Mwacheni Dinosaria Ameze Gololi: Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Pinboli za Filamu

Kwa wakuu wa viwanda vya pinboli, wabunifu wenu, na maofisa wa studio za filamu mnaosaini leseni.

YAH: MASHINE MPYA ZA FILAMU NA MALALAMIKO YA MASHABIKI

Ndugu,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila mnapozindua mashine mpya ya pinboli, mchezo wa kurusha gololi ya chuma juu ya ubao ulioinama, yenye jina la filamu, mambo hwenda kwa mtindo uleule. Video fupi inatoka, muziki wa filamu unapigwa, kamera inaizunguka mashine taratibu kama inampiga picha bibi harusi. Saa moja haijaisha, mashabiki wameshagawanyika. Wapo waliokwisha kulipa amana. Wapo wanaosema sura ya mhusika mkuu ubavuni mwa mashine ni ya binamu yake, si yake. Wengine wanasimamisha video kila sekunde ili wahesabu rampu (njia za kupandisha gololi) na flipa (vipigo vya kurushia gololi), wengine wanauliza programu imefika wapi. Na wapo wale wa kila mwaka wanaoapa kwamba safari hii hawanunui ng'o. Hao wasiwasumbue, mtawakuta mbele kabisa kwenye foleni.

Najua kelele hizo zinawafikia, na nahisi ofisini kwenu jibu limeshazoeleka: watu hawa hawaridhiki. Naandika kulipinga jibu hilo. Ukiyachuja malalamiko yote, ya bei, ya picha, ya sauti, ya programu, unabaki na dai moja tu. Tunataka filamu iingie kwenye gololi. Skrini ipendeze, sawa, na rangi za ubavuni zing'ae, lakini filamu tuicheze kwa mikono, kwa kitu cha chuma kinachokimbia juu ya mbao.

Chukueni The Addams Family ya mwaka 1992, iliyobuniwa na Pat Lawlor na Larry DeMar na kutoka kwa jina la kampuni ya Bally. Ziliuzwa zaidi ya mashine 20,000, na katika pinboli za zama za kompyuta hakuna iliyoifikia. Skrini yake ilikuwa ya nukta za rangi ya chungwa, haina ubavu wa kuonyesha hata kipande kimoja cha filamu yenyewe. Kwa hiyo filamu ilibidi itafutiwe mahali pengine. Mmoja wa wahusika wa filamu, ule mkono usio na mwili, unatoka kwenye sanduku lake, unainasa gololi kwa sumaku, unarudi nayo ndani. Chini ya ubao zimefichwa sumaku nyingine ambazo huwaka wakati fulani, na pigo ulilolilenga vizuri kabisa linapindishwa mbele ya macho yako. Nyumba ina mashetani, na huhitaji kuambiwa na mtu. Kuna hata flipa ndogo ya juu ambayo mashine huipiga yenyewe, na ikikosa shabaha hujirekebisha. Raul Julia, aliyemcheza Gomez, baba wa familia kwenye filamu, alirekodi maneno mapya mahususi kwa ajili ya mashine hiyo, hivyo sauti unayoisikia inakujibu wewe na pigo lako.

Mwaka mmoja kabla yake, Terminator 2 ya kampuni ya Williams, kazi ya mbunifu Steve Ritchie, iliondoa springi ya kuvuta ya kurushia gololi na kuweka mshiko wa bastola. Gololi ikishaingia kwenye mzinga, mzinga unageuka ukipita juu ya uwanja, na ni wewe wa kuchagua wakati wa kufyatua. Ukichelewa kidogo, shabaha imepita. Mwaka 1993 ikaja ya Indiana Jones, yenye ubao mdogo wa juu ambao unauinamisha kushoto na kulia kwa vitufe vilevile vya flipa, gololi ikitembea pembezoni mwa shimo. Mtu ambaye hajawahi kuitazama filamu hata moja kati ya hizo bado atajua ni filamu za namna gani. Mikono itamwambia.

Jambo hili lina mizizi kuliko ladha za mashabiki. New York iliipiga marufuku pinboli mwanzoni mwa miaka ya 1940, na Meya Fiorello La Guardia akapigwa picha akizivunja mashine kwa nyundo, kwa hoja kwamba ni kamari, kwamba gololi hwenda inakotaka. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976, pale mchezaji hodari Roger Sharpe aliposimama na mashine mbele ya madiwani, akataja mapema njia ambayo gololi itapita, akavuta springi, nayo ikapita palepale. Mchezo huu uliruhusiwa tena kwa sababu mkono wa mchezaji ulionekana kuwa na la kusema. Sasa tazameni mashine zinazotoka siku hizi, mnieleze mkono una la kusema wapi wakati skrini inazungumza yenyewe.

Juzi nilicheza mashine mpya ya filamu. Sitaitaja, maana tatizo lake si lake peke yake. Kioo kilikuwa safi, gololi mpya, flipa zinapiga kwa nguvu, na mpangilio wa njia ulikuwa mzuri kweli. Nikaipandisha gololi rampu ya kushoto mfululizo hadi taa zote zikazimika, nayo ikatumbukia kwenye shimo la nyuma. Nikaweka vidole tayari. Skrini ikaanza kuonyesha tukio ambalo kila aliyeitazama filamu ile analijua kwa moyo. Likaendelea. Nikabonyeza vitufe vyote viwili kwa pamoja ili niliruke, mashine ikakataa. Mhusika akamaliza kuzungumza, akageuka, akaondoka, mlango ukafungwa, na ndipo koili (sumaku ya umeme inayorusha gololi) ikapiga "tak!" na gololi ikarushwa moja kwa moja katikati ya flipa. Ikazama bila kuguswa. Mwenzangu aliyekuwa akisubiri zamu akaniambia nimelipia tiketi ya sinema ya kusimama.

Sikatai vipande vya filamu. Sekunde mbili za uso wa mhusika pale unapokamilisha kazi ngumu ni raha tupu, na skrini kubwa ya rangi, tangu Jersey Jack Pinball walipoileta kwenye The Wizard of Oz mwaka 2013, imewarahisishia wageni kuelewa wanatakiwa wapige wapi. Shida inaanza pale kipande cha filamu kinapofanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na ubao. Gari linafukuzwa kwenye skrini huku gololi imekaa shimoni, halafu mnatuambia hiyo ndiyo hatua ya kufukuzana na gari. Mliyemfukuzisha ni nani?

Nije kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo ugomvi unapokuwa mkali, na ndipo tunapoeleweka vibaya zaidi.

Mtindo uliozoeleka sasa ni mashine moja kuuzwa kwa ngazi tatu. Ya chini ni kama dola 7,000, ya kati inakaribia dola 10,000, na toleo maalumu lenye idadi ya kuhesabika ni kama dola 13,000. Baadhi yenu mna matoleo ya wakusanyaji yanayogonga dola 15,000. Watu wanadhani tunawaonea wivu wanaonunua la juu. Hapana. Mwenye uwezo apewe miguu ya rangi, apewe kibao chenye namba na sahihi, apewe pambo la kuweka juu ya kichwa cha mashine linalozunguka na kutoa moshi akitaka. Vyote hivyo gololi haivigusi, basi havituhusu.

Kinachouma ni kifaa chenyewe kinachoigusa gololi kinapohamishiwa ghorofani, kwenye matoleo ya juu. Mwaka 1993 Data East walitoa Jurassic Park, na ndani yake dinosaria anainama, anaichukua gololi, anaimeza. Mashine ilikuwa ya aina moja. Yeyote aliyesimama mbele yake alimwona mnyama akila. Mwaka 2019 Stern wakatoa Jurassic Park nyingine, kazi ya Keith Elwin, na kwa mpangilio wa njia zake ni mashine bora kuliko ile ya kwanza, mimi sibishani na hilo. Lakini dinosaria anayesogea na kuing'ata gololi yuko kwenye matoleo ya juu. Kwenye toleo la chini ni sanamu ya kugonga. Ana meno, ana sura ya kutisha, na halii wala hali.

Tuwe wakweli: wapo wachezaji wa mashindano wanaolipenda toleo la chini kwa sababu gololi haikawii popote na mchezo unakwenda mbio. Wana haki yao. Na najua mota, vitambuzi na waya vina gharama, na kila kinachosogea siku moja kitaharibika na fundi atawalaani. Lakini fungueni mashine zenu nyingi mhesabu sanamu za plastiki zilizopangwa nyuma ya njia, mahali ambapo gololi haitafika milele. Zimechongwa, zimepakwa rangi, zimepelekwa studio zikaidhinishwe, zimerudishwa, zimepakwa tena. Ondoeni hizo zote kwenye toleo la chini, na fedha yake mtuwekee kitu kimoja tu kinachoishika gololi. Kimoja. Wanunuzi wengi wa toleo hilo watakubaliana nami, na wenye kumbi za michezo pia, kwa sababu mgeni anayepita hasimamishwi na sanamu iliyoganda.

Hapo kwenye kumbi ndipo penye chanzo cha mengi. Zamani mteja wenu mkuu alikuwa mwenye biashara. Alinunua mashine, akaiweka ukumbini, na mwisho wa wiki akafungua kisanduku cha sarafu. Kisanduku hakikujali video ya uzinduzi. Mashine ikichosha, sarafu zilipungua, na mwakani hakununua kwenu. Soko hilo lilianguka. Williams, waliokuwa wakubwa kuliko wote, walifunga idara yao ya pinboli mwaka 1999, na kwa miaka mingi Stern wakabaki karibu peke yao. Mchezo ulipoanza kufufuka, sehemu kubwa ya wanunuzi ikawa watu wa majumbani, na watu wa majumbani hulipa kabla ya kugusa. Amana inatoka siku ya video. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia limepambwa kwa picha ya filamu tunayoipenda tangu utotoni.

Ndiyo maana kelele za wiki ya kwanza ni kali hivyo. Mtu aliyetoa maelfu ya dola kwa kitu ambacho hajakigusa hana cha kushika ila maneno. Atakitetea kwa nguvu zote au atakishambulia kwa nguvu zote, na nyinyi mnachukua maneno hayo mnayaita maoni ya wateja. Hofu yao ina sababu pia. Mwaka 2018 kampuni ya Heighway Pinball ya Uingereza, iliyokuwa ikitengeneza mashine ya Alien, ilifungwa huku wapo waliokwisha kulipa na hawajaona mashine. Nyinyi mlio imara mnaweza kusema hayo si yenu. Mnunuzi anayekumbuka hatofautishi kwa urahisi.

Maoni yenye faida huja baadaye, na huwa ya chini chini. Ghostbusters ya Stern ya mwaka 2016 ni somo zuri. Picha zake zilichorwa kwa mkono na Jeremy Packer, anayejulikana kwa jina la Zombie Yeti, na mashabiki waliokuwa wamechoshwa na picha za kubandikwa za waigizaji walizipokea kwa shangwe. Kwa siku za mwanzo hilo ndilo lililosikika. Kisha watu wakaanza kuicheza, na mazungumzo yakahamia kwenye pengo lililoachwa kati ya flipa mbili za chini. Ni pana kuliko lililozoeleka, na gololi inashuka katikati bila kuaga. Wapo walioipenda kwa ukatili huo, wapo walioiuza. Vyovyote iwavyo, hilo halikuonekana kwenye picha yoyote ya uzinduzi. Linaonekana gololi ikizama, ikazama tena. Mkitaka kujua mashabiki wanasema nini kuhusu mashine yenu, ulizeni baada ya miezi mitatu, mwulizeni aliyeicheza ukumbini kwa hela yake.

Sasa programu, na hapa nitawasema bila kupepesa macho.

Masasisho ni baraka. Zamani kubadilisha programu ilikuwa kazi ya kung'oa chipu na kuchomeka nyingine, leo mashine inaunganishwa na intaneti na inapata sheria mpya usiku umelala. Mashine kadhaa zilizoanza kwa kusuasua zimekuja kuwa za kupendwa kwa sababu hiyo. Lakini baraka imegeuka kichaka. Mashine inatoka kiwandani ikiwa na programu ambayo namba yake inaanza na sifuri, hatua nyingine hazina sauti, matukio mawili matatu ya filamu yametajwa kwenye taa za ubao lakini ukiyafikia hakuna kinachotokea, na ile hatua ya mwisho kabisa, ambayo mchezaji hodari anaweza kuitafuta kwa miezi, haijaandikwa. Bei, hata hivyo, imekamilika tangu siku ya kwanza.

Siwaombi mngoje miaka mitano. Naomba siku ya uzinduzi mtoe karatasi moja inayosema: matukio haya yamekamilika, haya bado, hatua ya mwisho ipo au haipo, na tunatarajia kumaliza wakati fulani. Mkichelewa, semeni mmechelewa. Mashabiki wa pinboli ni watu wanaosubiri gololi ishuke rampu huku wameshika pumzi, subira tunayo. Kinachotumaliza ni ukimya, kisha sasisho linalorekebisha rangi ya maandishi.

Kwenu wa studio nina machache. Najua kila uso na kila sauti hupita mezani kwenu, na kwamba haki ya sura ya mwigizaji ni jambo la peke yake ambalo hata nyinyi wakati mwingine hamna mamlaka nalo. Lakini tazameni filamu ambazo siku hizi zinatafutiwa mashine. The Godfather ni filamu ya mwaka 1972, mashine ya Jersey Jack ikatoka mwaka 2023. Jaws ni ya mwaka 1975, mashine ya Stern ikatoka mwaka 2024. Hizi si bidhaa za kutangaza filamu iliyo kwenye kumbi za sinema wiki hii. Mnunuzi ameitazama filamu hiyo mara nyingi kuliko ofisa anayeidhinisha picha zake, na mashine ikiruka tukio lolote atalijua. Ukimpa sauti ya mtu anayemwigiza mwigizaji, atamtambua kabla hajamaliza sentensi. Msipompata mwenyewe, na gharama ya vipande halisi ikiwashinda, bora mhusika anyamaze na muziki ubaki. Muziki wa filamu hatujawahi kuulalamikia, isipokuwa pale mlipouza leseni ya picha bila muziki. Hilo tunalilalamikia sana, na tuna haki.

Jingine: mnapoidhinisha, ombeni kuona gololi. Ofisa wenu aliyetumiwa picha ya ubao atauliza kama nembo iko mahali pake na kama koti la shujaa ni la rangi sahihi. Mpelekeni kiwandani asimame mbele ya mashine ya majaribio, ile ya mbao nyeupe isiyo na picha hata moja, acheze. Kama bila picha bado anahisi ni filamu yenu, sainini. Kama hahisi chochote, rangi hazitaokoa kitu.

Kuna mambo tunayogombana ambayo hayawahusu kabisa. Kama toleo la kati lina picha nzuri kuliko toleo maalumu, kama miguu myeusi inafaa filamu ya vichekesho, kama namba 7 ya toleo fulani ina thamani kuliko namba 700. Hayo ni maongezi ya vijiweni na tunayapenda, tuachieni.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halina gharama. Kwenye uzinduzi ujao, kabla hamjafungua malipo ya amana, tuonyesheni mtu mmoja akicheza toleo la chini, mchezo mzima, gololi tatu, kioo kikiwa kimefungwa, kamera imesimama, video haijakatwa. Asiwe bingwa. Apoteze gololi ya kwanza mapema kama tunavyopoteza sisi, tusikie koili zikipiga bila muziki kuwekwa juu yake, tuone skrini inachukua muda gani kabla ya kumrudishia gololi. Baada ya hapo fungueni malipo, na atakayenunua atakuwa amejua ananunua nini.

Wasalaam,

Mpenzi wa pinboli